Namna ya Kulinda Sayansi ya Serikali Isiingiliwe na Siasa: Mwongozo kwa Watafiti wa Afya na Wataalamu wa Hali ya Hewa

Tarehe 15 Desemba 2016, Dk. Mwele Malecela, wakati huo Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba kati ya watu 533 waliopimwa katika utafiti wa taasisi yake, 83, sawa na asilimia 15.6, walikutwa na maambukizi ya virusi vya Zika. Kesho yake Waziri wa Afya alikanusha kwamba ugonjwa huo umethibitishwa nchini, na muda mfupi baadaye Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi huyo na kumteua mwingine. Virusi vyenyewe si vipya katika ukanda wetu: viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, na maambukizi kwa binadamu yakarekodiwa Uganda na Tanganyika mwaka 1952. Dk. Mwele alihamia Shirika la Afya Duniani, WHO, ambako aliongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika hadi alipofariki Februari 2022.

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma akilitazama tukio hilo ataona kwamba sehemu kubwa ya ubishi haikuhusu hesabu za maabara. Ilihusu ile nafasi fupi iliyopo kati ya maabara na mwananchi: nani atangaze, lini, kwa maneno gani, na nani awe amearifiwa kabla. Katika nafasi hiyo ndimo siasa inamoingilia mara nyingi zaidi, kwa sababu kughushi namba kunahitaji watu wengi wakubali kunyamaza, wakati kuchelewesha taarifa kunahitaji simu moja tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watafiti, watakwimu, wataalamu wa maabara na watabiri wa hali ya hewa walioajiriwa na umma, hasa Tanzania na Kenya, na unaazima mafunzo kutoka Afrika Kusini, Kanada na Marekani, ambako mapambano ya aina hii yameacha nyaraka za kutosha.

Tofautisha uamuzi na uingiliaji

Waziri anayesoma ripoti yako ya mlipuko kisha akaamua kutofunga shule hajaingilia sayansi. Ametumia mamlaka aliyopewa, ana mambo mengine ya kupima, na hata akikosea, kosa hilo ni la kisiasa na litajibiwa kwa njia za kisiasa. Uingiliaji huanza pale matokeo yenyewe yanapoguswa, au njia ya matokeo kumfikia mwananchi inapozibwa, kwa sababu isiyo ya kitaalamu.

Sura zake ni chache na zinajirudia. Iko ya kuhariri: Philip Cooney, mwanasheria aliyetoka katika chama cha kampuni za mafuta na kuingia katika ofisi ya mazingira ya Ikulu ya Marekani, alipitisha kalamu juu ya ripoti za serikali kuhusu tabianchi na kupenyeza maneno ya mashaka mahali ambapo wanasayansi walikuwa wameandika kwa uhakika. Iko ya kunyamazisha, yaani mtaalamu kuzuiwa kuongea na vyombo vya habari kuhusu kazi yake mwenyewe. Iko ya kukishushia hadhi kipimo au mtu anayekitumia. Na iko ya kuchelewesha, ambayo kwetu ndiyo iliyozoeleka kuliko zote, kwa kuwa haiachi alama: taarifa “ipo mezani,” “inapitiwa,” “inasubiri maelekezo kutoka juu,” hadi msimu wa mvua upite au uchaguzi uishe.

Hata hivyo usikimbilie kuita kila tofauti ya kauli uingiliaji, maana ukipiga kelele mara tatu bila sababu, mara ya nne hutasikilizwa. Katikati ya Januari 2025 WHO ilitoa taarifa kuhusu wagonjwa waliodhaniwa kuwa na virusi vya Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ya Tanzania ikajibu kwamba sampuli zilizokuwa zimepimwa hazikuonyesha virusi hivyo, na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Kauli hizo zinaweza kufuatana bila mtu yeyote kudanganya, kwa sababu sampuli za leo huweza kuwa safi na za kesho zisiwe. Swali linalosaidia kutofautisha ni hili: je, sababu iliyotolewa ni ya kitaalamu, na je, aliyeitoa yuko tayari kuiandika na kutia saini? Anayekataa kuandika amekujibu.

Utaratibu wa kutangaza uandikwe kabla matokeo hayajajulikana

Hili ndilo jambo moja ninalolisisitiza kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu ni rahisi, halina gharama, na karibu kila mara husahaulika. Kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa hakuna anayejua kama matokeo yatamfurahisha waziri au yatamkera, na kwa hiyo hakuna mwenye sababu ya kupinga utaratibu wa haki. Ukisubiri hadi matokeo yatoke, kila neno la utaratibu litasomwa kama hila.

Weka basi kifungu ndani ya itifaki ya utafiti, ile inayokwenda kwenye kamati ya maadili, kinachotaja muda wa kutangaza, mtangazaji, na nafasi ya wizara. Kifungu hicho kinaweza kusomeka hivi: “Matokeo makuu yatatolewa kwa umma ndani ya siku 60 baada ya uchambuzi kukamilika. Wizara itapewa nakala siku 7 kabla, kwa ajili ya kujiandaa. Maoni yake ya kitaalamu yatajibiwa kwa maandishi, na uamuzi wa mwisho kuhusu maudhui utabaki kwa watafiti waliotia saini ripoti.” Angalia kwamba kifungu kinaiarifu wizara na hakiiombi kibali. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo roho ya jambo lote, na afisa yeyote mzoefu ataiona mara moja, kwa hiyo ujiandae kuitetea kikaoni.

Siku hizo saba si za adabu tu. Waziri anayesikia habari ya ugonjwa katika eneo lake kupitia redio, akiwa barabarani, atakanusha kwanza na kuuliza baadaye, na akishakanusha hadharani inakuwa vigumu kwake kurudi nyuma hata akionyeshwa ushahidi. Akipewa wiki moja atakuwa na daktari wa kumweleza, na maswali ya bungeni yatakuwa na majibu.

Baada ya hapo, peleka kifungu hicho kwenye bodi ya taasisi kikawe sera ya tafiti zote. Mkurugenzi anaweza kutenguliwa kwa tangazo la aya moja, lakini sera iliyopitishwa na bodi inahitaji kikao na muhtasari ili ibadilishwe, na anayekaimu nafasi hurithi sera pamoja na kiti.

Sentensi ya kwanza ya taarifa kwa umma nayo iandikwe mapema, na ieleze matokeo yanamaanisha nini na hayamaanishi nini. Kuonekana kwa maambukizi katika sampuli za utafiti ni jambo moja, mlipuko ni jambo lingine, na mwandishi wa habari mwenye dakika kumi za kutuma habari hatakutofautishia. “Utafiti huu umeonyesha kwamba baadhi ya watu waliwahi kuambukizwa, haukupima kama kuna mlipuko sasa” ni sentensi isiyo na mvuto, na hiyo ndiyo sifa yake.

Ichapishe pia njia uliyotumia, kwa kuwa namba isiyo na njia yake huuawa kwa neno moja tu, “imepikwa.” Mwaka 2001 Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba takriban asilimia 40 ya vifo vya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 49 katika mwaka 2000 vilitokana na UKIMWI. Serikali ya Rais Thabo Mbeki, ambaye alikuwa akitilia shaka uhusiano wa VVU na UKIMWI, haikuipokea vizuri, na ripoti ilikwishavuja magazetini kabla ya kutolewa rasmi. Ilisimama kwa sababu waandishi wake walikuwa wameonyesha hatua kwa hatua jinsi walivyotoka kwenye rejista ya vifo hadi kwenye makadirio yao, hivyo aliyetaka kuipinga alilazimika kuonyesha hatua iliyokosewa.

Maabara ijipime kabla haijapimwa na mwanasiasa

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Siku iliyofuata mkurugenzi wa maabara ya taifa alisimamishwa kazi. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekwishakoma kutolewa karibu na wakati huo, zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikurudi hadi mwaka 2021, baada ya kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia kupendekeza zitolewe. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kilisema siku zilezile za Mei 2020 kwamba vipimo vilivyosambazwa vilikuwa vikifanya kazi vizuri, lakini kwa masikio ya wengi papai lilikuwa limekwishashinda.

Papai lilishinda kwa sababu swali lenyewe ni la haki. Kila raia ana haki ya kuuliza kama mashine inakosea, na maabara inayojiheshimu inajiuliza hilo kila wiki. Kinachotakiwa ni kwamba jibu liwepo kabla ya swali: sampuli za siri kutoka taasisi ya nje zipimwe kwa ratiba, alama za maabara zichapishwe hata zikiwa mbaya, ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, itafutwe na itunzwe, na katika kila mzunguko wa upimaji ziwepo sampuli zinazojulikana kuwa safi. Maabara yenye rekodi ya miaka mitatu ya namna hiyo inaweza kumjibu mkuu wa nchi kwa ukurasa mmoja. Maabara isiyo nayo, hata ikiwa imepima sawasawa, itabaki ikiapa.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika utumishi wa umma maelekezo bila daftari humpotea aliyeyapokea na kumwacha huru aliyeyatoa. Maelekezo ya kuingilia sayansi hayaji kwa barua yenye nembo. Huja kwa simu, au kwa maneno ya kuambiwa koridoni baada ya kikao, na mara nyingi huletwa na mtu ambaye naye ameambiwa na mtu.

Kazi yako ni kuyageuza yawe maandishi bila ugomvi. Simu ikikatika tu, andika dokezo au barua pepe kwa aliyekupigia, kwa lugha ya heshima na utii: “Ndugu Mkurugenzi, narejea mazungumzo yetu ya simu ya leo saa nne asubuhi, ambapo nilielekezwa kuahirisha kutolewa kwa taarifa ya wiki ya ugonjwa wa kipindupindu. Taarifa imeahirishwa kama ilivyoelekezwa. Naomba kupatiwa sababu za kitaalamu za uamuzi huo ili ziwekwe kwenye jalada husika.” Hakuna neno la shutuma ndani yake, na hakuna kanuni ya utumishi inayokukataza kuthibitisha maelekezo uliyopewa. Matokeo yake huwa moja kati ya mawili: sababu inaletwa, na pengine ni sababu nzuri ambayo hukuifikiria, au simu inapigwa tena kusema kwamba taarifa iendelee. Ikiwa hakuna linalotokea, dokezo lako liko kwenye jalada, lina namba ya folio, na masijala inajua tarehe lilipoingia.

Tunza rasimu zote, kila moja ikiwa na tarehe na jina la aliyeibadilisha. Kilichomwangusha Cooney mwaka 2005 kilikuwa rasimu zenye masahihisho ya mkono wake, ambazo zilifika gazetini. Alijiuzulu siku chache baadaye. Kama ofisi yako inahariri pamoja kwenye faili moja la mtandaoni, washa historia ya mabadiliko na usiizime, na siku ya kupitisha toleo la mwisho hifadhi nakala ya matoleo yote.

Katika vikao, omba msimamo wako wa kitaalamu uingie kwenye muhtasari. “Naomba ionekane kwenye muhtasari kwamba kitengo cha epidemiolojia hakikushauri hivyo” ni maneno kumi ambayo husemwa kwa sauti ya kawaida, na hubadilisha hali ya hewa ya chumba kizima.

Utabiri na fedha zinazoufuata

Utabiri wa msimu una hatari yake ya pekee, kwa kuwa unagusa bajeti kabla haujagusa ardhi. Ukisema mvua za vuli zitazidi wastani, kaunti na halmashauri zitaomba fedha za dharura, wakandarasi watajipanga, wakulima wa mabondeni watahama, na mvua zisipofika mtu atauliza fedha zilikwenda wapi. Shinikizo basi hutoka pande zote mbili, la kutia chumvi na la kupooza, na mtabiri anapaswa kuliogopa lile la kwanza sawa na la pili.

Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyokuwa imetabiriwa haitakuja, na kwamba kutakuwa na mvua nyingi tu, akiegemea taarifa za wataalamu wa hali ya hewa. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imetabiri mvua zitakazozidi wastani kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua zilifika, na kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo. Sitasema kwamba kauli hiyo ilikusudia kupotosha. Ninachokiona ni kwamba maneno mawili yenye maana tofauti, El Niño kama hali ya joto la Bahari ya Pasifiki na “El Niño” kama kumbukumbu ya mafuriko ya 1997, yaliachwa yachanganyike mdomoni mwa kiongozi, na wataalamu hawakuwa na njia ya haraka ya kuyatenganisha kwa sauti inayolingana na ya kwake.

Njia hiyo ya haraka ndiyo ya kudai. Mnamo Septemba 1, 2019, Rais Donald Trump aliandika kwamba jimbo la Alabama lingepigwa na kimbunga Dorian. Ofisi ya hali ya hewa ya Birmingham, iliyomo jimboni humo, ilijibu baada ya dakika kama 20 kwamba Alabama haitaathirika. Watabiri hao hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa kutoa tahadhari na kuirekebisha ilikuwa kazi yao ya kila siku. Siku tano baadaye makao makuu ya shirika lao yalitoa taarifa isiyo na jina la mtu ikiikosoa ofisi ya Birmingham, na mwaka 2020 uchunguzi ukabaini kwamba viongozi wawili wa shirika walikiuka sera ya uadilifu wa kisayansi ya shirika lenyewe, miongoni mwa mengine kwa kuwa watabiri wa Birmingham hawakushirikishwa. Sera hiyo haikuzuia fedheha, lakini iliwapa wachunguzi kipimo cha kupimia.

Kwetu kuna ngao nyingine isiyotumiwa vya kutosha, nayo ni utabiri wa kikanda. Kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya serikali za Pembe ya Afrika na majirani zake, kiitwacho ICPAC, kilichoko Nairobi, huwakutanisha wataalamu wa nchi 11 za Pembe Kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, kabla ya kila msimu mkuu wa mvua, na hutoa utabiri wa pamoja. Mtabiri anayeshinikizwa nyumbani anaweza kuweka ramani hiyo mezani, kwani si rahisi kumwambia mtu abadilishe jambo ambalo nchi kumi nyingine zimekwishalichapisha. Taarifa za magonjwa zina jambo linalofanana na hilo katika Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zinazoitaka nchi iiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Andaa fomu ya tathmini hiyo na uijaze kwa wakati, maana saa iliyoandikwa juu yake itaulizwa siku moja.

Nakala zikae zaidi ya mahali pamoja

Mwishoni mwa Januari 2025 kurasa nyingi za takwimu na miongozo ya afya ziliondolewa kwenye tovuti za serikali ya Marekani, na tarehe 11 Februari jaji wa shirikisho akaamuru kurasa ambazo madaktari waliofungua kesi walikuwa wakizitegemea zirudishwe. Katikati ya mwaka huohuo tovuti iliyobeba ripoti za taifa za tathmini ya tabianchi ilizimwa. Watu waliokuwa wamejifunza kutokana na miaka ya 2016 na 2017, wakati vikundi vya kujitolea vilipokusanyika vyuoni kunakili data za mazingira, hawakuanza na mikono mitupu.

Kwa taasisi ya hapa, mpango wa nakala unaweza kuwa mdogo. Kila ripoti iliyokwishatolewa kwa umma ipelekwe siku hiyohiyo kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja cha ndani na kwenye hifadhi moja ya nje, kama ile ya Zenodo, na ukurasa wake wa tovuti uhifadhiwe kwenye Internet Archive. Rejista ya vituo vya mvua, pamoja na historia ya kila kituo na lini kifaa chake kilibadilishwa, inakiliwe pia, kwa kuwa mfululizo wa miaka 60 ukikatika hauwezi kupimwa upya. Nakili tu kile ambacho taasisi ina haki ya kukitoa. Taarifa za wagonjwa zinalindwa Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtafiti anayebeba majina ya wagonjwa kwenye kifaa cha mfukoni, hata kwa nia njema, amewapa wapinzani wake kesi ambayo hawakuwa nayo.

Sheria unazopaswa kuzijua kwa namba

Katiba ya Tanzania, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Mlipuko wa ugonjwa na tahadhari ya mafuriko vinaingia humo bila kusukumwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kumjibu mwombaji. Kenya ina Ibara ya 35 ya Katiba, na sheria yake ya mwaka huohuo wa 2016 inaweka siku 21, zinazopungua hadi saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Kipengele hicho cha saa 48 kingestahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha habari. Ibara ya 33 ya Kenya inautaja uhuru wa utafiti wa kisayansi waziwazi.

Upande wa vikwazo pia usipuuzwe. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya mwaka 2018 yaliifanya kuwa jinai kuchapisha takwimu zinazopotosha au kushusha hadhi takwimu rasmi, kwa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi milioni 10, au vyote viwili. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake waziwazi, watafiti wa ndani walilalamika kwa hoja za ubora wa takwimu, na mwaka 2019 Bunge likaondoa adhabu hiyo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 nazo zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika, kwa hiyo anayetaka kuandika kuhusu ugonjwa apate kwanza toleo la kanuni linalotumika siku hiyo. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayepeleka taarifa za uovu kwa mamlaka inayohusika. Usidhani kwamba inakulinda vilevile ukimtumia mwandishi wa habari faili usiku.

Simu ikishapigwa

Usijibu papo hapo, na usiwe peke yako. Omba maelekezo kwa maandishi kama ilivyoelezwa, kisha mwarifu msimamizi wako wa utafiti na mjumbe mmoja wa kamati ya maadili. Likifika mahali pa kukuta jina lako juu ya ripoti iliyobadilishwa, omba jina liondolewe, tena kwa barua fupi isiyo na maelezo marefu. Chama cha wafanyakazi kifahamishwe mapema kuliko unavyodhani inafaa. Kanada, ambako katika uchunguzi wa mwaka 2013 asilimia 90 ya wanasayansi wa serikali waliojibu walisema hawajisikii huru kuzungumza na vyombo vya habari kuhusu kazi zao, haki hiyo hatimaye iliandikwa ndani ya mkataba wa hali bora kazini kati ya chama chao na mwajiri mwishoni mwa 2016, mahali ambapo serikali ijayo haiwezi kuifuta kwa waraka. RAAWU, chama cha watafiti na wanataaluma wa Tanzania, kingeweza kulipeleka jambo kama hilo mezani.

Kujiuzulu ni silaha ya risasi moja. Munir Sheikh, mkuu wa takwimu wa Kanada, aliitumia Julai 2010, pale serikali ilipofuta dodoso refu la sensa na kuacha watu waamini kwamba ofisi yake iliridhia. Barua yake ya hadharani ilieleza jambo moja tu la kitaalamu, kwamba dodoso la hiari haliwezi kuchukua nafasi ya dodoso la lazima. Kama huna sentensi moja ya namna hiyo, baki kazini na uendelee kuandika madokezo.

Mwandishi wa habari na mwananchi wanaotaka kusaidia waache kuuliza kama takwimu ni za kweli, kwa sababu jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Waulize data zilikusanywa hadi tarehe gani, ripoti ilikamilika lini, imekaa kwa nani tangu hapo, na nani ametia saini. Maswali hayo manne yakipelekwa kwa barua chini ya sheria ya kupata taarifa, tarehe ya kupokelewa ikagongwa mhuri, siku 30 za Tanzania, au 21 za Kenya, huanza kuhesabika.